Sura isiyo yake

Jumatatu moja ya Aprili nilipigiwa simu na karani wa chama cha akiba na mikopo cha wauza samaki, hapa hapa Kisumu. Hakunisalimia. "Fundi, njoo. Mfumo unaleta sura za watu wengine."

Nilikuwa kibandani kwangu, karibu na Oginga Odinga Street, laptopu ya mwalimu mmoja iko wazi mezani. Niliifunika kwa kitambaa, nikamwachia jirani ufunguo, nikapanda tuk-tuk. Ofisi ya chama iko ghorofani, si mbali na soko la Jubilee. Pale ngazini hewa yote ni omena kavu. Juu nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi, kikapu miguuni, kitabu cha akiba mkononi. Alikuwa amekuja kutoa shilingi 18,000 za karo. Karani alipoingiza namba yake ya uanachama, jina lilikuja sawa na salio likaja sawa, lakini picha ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa, msichana mwenye nywele za kusuka na hereni kubwa. Mweka hazina akatazama skrini, akamtazama mama, akasema pesa hazitoki mpaka jambo hili lieleweke.

"Nyathina," mama akaniambia, yaani mwanangu, "nimeweka akiba hapa tangu watoto wakiwa wadogo. Leo naambiwa mimi si mimi."

Kabla ya kugusa kompyuta nilimwomba karani atoe fomu ya karatasi ya mama huyo kwenye kabati. Ilikuwepo, na picha ya pasipoti imebanwa kwa pini ya stepla iliyoshika kutu. Mama wa kwenye picha na mama wa kwenye benchi walikuwa mtu mmoja, miaka imepita tu. Nusu saa baadaye alikuwa na karo yake. Naanza na hili kwa sababu mafundi wengi hukimbilia mashine, na mtu mwenye shida anaachwa ameketi.

Sasa mashine. Programu yenyewe ni ya Microsoft Access, chombo cha kutunza kumbukumbu kwenye majedwali; yote ni faili moja ya .mdb, ya muundo wa 2003. Iliandikwa mwaka 2006 na kijana wa chuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi. Sikuwahi kumwona, lakini nimeisoma kazi yake mstari kwa mstari na namheshimu. Wakati ule njia rahisi ilikuwa kuzipachika picha ndani ya jedwali lenyewe. Access ya zamani, ukiipachikia picha, ilikuwa inahifadhi pia nakala ya pili isiyopunguzwa ukubwa, na picha ndogo ya kilobaiti mia moja inaweza kuvimba mara nyingi zaidi. Faili ya .mdb haiwezi kupita gigabaiti 2, na ikivimba hivyo huharibika kwa urahisi. Kijana aliliona hilo mapema. Picha akaziacha nje kwenye folda, na ndani ya jedwali akaandika anwani tu ya mahali kila picha ilipo. Ndiyo maana baada ya miaka yote hiyo faili ya chama ina megabaiti 14 na inafunguka upesi. Wanaosema kitu cha zamani kama hiki kitupwe, kinunuliwe kipya, waniwie radhi. Hesabu za akiba zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Kilichokuwa na ugonjwa ni picha.

Mwezi wa Machi, mvua ndefu zilipoanza, radi ilipiga jioni moja na kompyuta ya zamani ikaungua: pawa saplai na ubao mama vilikwenda pamoja. Diski ikapona. Chama kikanunua kompyuta ya mitumba, na mpwa wa mwenyekiti akajitolea kuhamisha kazi. Alinakili ile faili ya .mdb, akanakili na folda ya picha aliyoiona, akaviweka vyote kwenye skrini ya mwanzo. Programu ikafunguka, watu wakashukuru. Picha zikagoma.

Lakini hazikugoma kila siku, na hapo ndipo palinichukua asubuhi nzima. Karani aliniambia kuna siku hazitoki kabisa, kisanduku ni cheupe, na kuna siku zinatoka. Yeye alikuwa ameshafikia uamuzi wake: intaneti inakula picha. Akichomeka modemu asubuhi, hakuna picha. Asipoichomeka, zinakuja. Alishaanza kuamini kuna virusi ndani ya modemu.

Nilinakili faili mara mbili, moja kwenye laptopu yangu na nyingine kwenye diski ya nje, nikafanya kazi kwenye nakala. Halafu sikuifungua fomu ya kwenye skrini, ile yenye kisanduku cha picha, nikalifungua jedwali. Fomu inakuonyesha matokeo, jedwali ndilo linalokuambia ukweli. Nikapanga safu ya anwani kwa alfabeti, na mambo yakajipanga yenyewe mbele yangu.

Wanachama 1,186. Kati yao 97 hawakuwa na anwani yoyote, safu tupu. Waliobaki 1,089 walikuwa wamegawanyika makundi matatu. 612 anwani zao zilianza na D:\PICHA\, hao ni wa enzi za kijana wa chuo. 304 zilianza na C:\Documents and Settings\, kisha jina la karani wa zamani, kisha My Pictures. Na 173 zilianza na F:\ moja kwa moja.

Ukizisoma hivyo unaona historia ya ofisi. Kwenye kompyuta ya zamani, D ilikuwa sehemu ya pili ya diski. Kwenye kompyuta mpya D ni tundu la DVD, kwa hiyo watu 612 walikuwa wanatafutwa ndani ya tundu lisilo na kitu. Kundi la pili ni la karani aliyekuwa akihifadhi picha mahali Windows XP ilipomwelekeza. Kuanzia Windows Vista folda za watumiaji zinakaa C:\Users, na hata kama njia ya zamani ingefuatwa, jina lake halimo kwenye mashine mpya. Watu 304 wengine.

Na F? Nilimuuliza karani F ni nini. Akaingiza mkono mfukoni akatoa funguo za nyumbani. Kwenye kipete, pamoja na funguo mbili na kifungulio cha soda, palikuwa na flashi ndogo ya bluu, rangi imechubuka, kifuniko hakipo. Aliikuta kwenye droo alipoanza kazi Januari, akaambiwa ni ya ofisi. Picha 173 za wanachama zilikuwa humo, na hazikuwa mahali pengine popote duniani. Miaka fulani mtu alikuwa akipiga picha, anazileta kwa flashi, na programu ikimwuliza picha iko wapi anaionyesha pale pale kwenye flashi. Programu ikaandika ilichoonyeshwa. Hapakuwa na aliyeinakili.

Kitendawili cha modemu kikafumbuka hapo hapo. Modemu ukiichomeka, hujitokeza kama diski ili ikupe programu yake ya kusakinisha, na inachukua herufi kama diski yoyote. Kwenye kompyuta ile herufi iliyokuwa wazi ilikuwa F. Aliyetangulia ndiye aliyeipata. Karani akianza na modemu, modemu inakuwa F na flashi inasukumwa kwenye G, picha zote zinakosekana. Akianza na flashi, flashi inakuwa F, na watu 173 wanapata sura zao. Nilimwonyesha mara tatu, tukichomeka na kuchomoa, mpaka akacheka kwa kufarijika. Hakukuwa na virusi.

Lakini jambo la mama lilikuwa bado. Kukosa picha ni kitu kimoja. Kupata picha ya mwingine ni kitu kingine, na kwangu ni kibaya zaidi. Kisanduku cheupe kinakuambia wazi kwamba hakuna kitu, nenda kwenye kabati ukatoe fomu. Sura isiyo yake inakudanganya kwa uso mkavu, na ofisi ya pesa inaamua kwa kutazama sura.

Niliingia kwenye mistari ya programu, mahali inapoelekezwa cha kufanya kila unapohamia mwanachama mwingine. Palikuwa na mistari miwili tu. Wa pili uliweka picha kwenye kisanduku kwa kufuata anwani. Wa kwanza ulikuwa On Error Resume Next, yaani ukikosea, nyamaza, endelea. Basi ikawa hivi: unafungua mwanachama mwenye picha kwenye flashi, sura yake inakuja. Unahamia anayefuata, ambaye anwani yake ni ya D. Programu inajaribu, inakosa, inanyamaza kama ilivyoagizwa. Kisanduku hakuna aliyekifuta. Yule wa kwanza anabaki ameketi mahali pa wa pili, na wa tatu, na wa nne, mpaka apatikane mwingine mwenye picha inayofunguka. Msichana wa nywele za kusuka alikuwa amefunguliwa dakika chache kabla ya mama kufika.

Hapo nikagundua kitu kilichonikalisha kitini. Wale 97 wasio na anwani kabisa hawakuanza Machi. Safu yao ilikuwa tupu tangu wajiunge. Anwani tupu nayo ni kosa, kosa linanyamazishwa, na sura ya aliyetangulia inabaki. Kwa hiyo radi haikuleta ugonjwa huu. Kwa miaka mingi, kwenye mashine ya zamani iliyodhaniwa nzima, karibu watu mia walikuwa wakionyeshwa kwa sura za majirani zao, na hapakuwa na mtu aliyeona, kwa sababu karani wa zamani aliwajua wanachama wote kwa uso na kwa sauti. Hakuhitaji skrini. Alistaafu Desemba, akaja kijana asiyemjua yeyote, anayetegemea mashine imwambie nani ni nani. Nilimweleza mwenyekiti na mweka hazina hilo bila kuzunguka, maana walikuwa wamemlaumu kijana bure.

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa, ila nusura niyaharibu. Wazo langu la kwanza lilikuwa lile ambalo fundi yeyote angelipata: kusanya picha zote kwenye folda moja, futa mwanzo wa kila anwani, bakiza jina la faili peke yake. Kwiri moja, yaani agizo moja kwa jedwali zima, sekunde mbili. Nashukuru nilihesabu kwanza. Majina 29 yalijirudia. Kamera hutoa majina kama IMG_0041, na ukibadilisha kamera au kadi, hesabu inaweza kuanza upya. IMG_0041 ya folda ya D alikuwa mzee mwenye kofia. IMG_0041 ya My Pictures alikuwa mama aliyebeba mtoto. Ningezimwaga pamoja, moja ingeifunika nyingine, na ningekuwa nimempa mtu sura isiyo yake kwa mkono wangu mwenyewe, safari hii bila njia ya kugundua.

Kwa hiyo niliifunga ile diski ya zamani kwa kebo ya USB kwenye laptopu yangu. Folda ya mtumiaji wa zamani ilikataa kufunguka mpaka nilipochukua umiliki wake, jambo la kawaida kwa diski iliyotoka kwenye Windows nyingine. Kisha nikaandika kitanzi kifupi kinachopita mwanachama mmoja mmoja: chukua anwani yake kamili, badilisha mwanzo wake tu kwa Replace, amri ya kubadilisha maandishi, ili ielekee mahali picha ilipo leo, thibitisha faili ipo, inakili kwenye folda mpya ya PICHA ikiwa na jina la namba ya uanachama. Mwanachama 0417 anakuwa 0417.jpg. Namba haijirudii, haina nafasi katikati, na haimtaji mtu kwa jina. Safu ya zamani ya anwani sikuigusa, ipo mpaka leo. Niliongeza safu mpya pembeni yenye jina la faili tu, na programu inajiunganishia yenyewe njia ya folda kwa CurrentProject.Path, ambayo ni mahali faili ya Access ilipo. Hamisha folda yote kesho, ipeleke Siaya au Busia, picha zinakwenda nayo. (Chama chenye kompyuta kadhaa na jedwali zilizokaa kwenye seva kisitumie hilo, kwa sababu litakupa mahali pa ile faili ya mbele, yenye fomu, iliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji. Weka jedwali dogo la mipangilio lenye mstari mmoja, uandike humo njia ya folda ya picha kwa jina la seva, na usitumie herufi ya diski.)

Kwenye fomu ya skrini, mstari wa kwanza sasa unafuta kisanduku, kabla ya kitu kingine chochote. Halafu unauliza kama jina la faili limeandikwa. Halafu unauliza kwa Dir, amri ya kutafuta faili, kama faili ipo kweli. Mpangilio huo ni muhimu: ukiipa Dir folda bila jina la faili, itakurudishia faili ya kwanza inayoikuta humo na utadhani picha ipo. Jibu likiwa hapana, maandishi mekundu yanatokea: HAKUNA PICHA, TAZAMA FOMU. Kile kimstari cha kunyamazisha makosa nimekiondoa.

Kitanzi kilipomaliza, picha 1,031 zilikuwa zimepatikana. 58 hazikupatikana.

Tuliketi na karani Jumatano mchana, joto la Kisumu limeshika, feni inazunguka bila kusaidia, tukazitafuta moja moja. 38 zilikuwepo chini ya pua zetu. Jedwali lilisema 0388.jpg, na folda ilionyesha 0388.jpg, na bado programu ilikataa. Windows kwa kawaida huficha mkia wa jina la faili, kama .jpg. Mtu alipobadilisha jina kwa mkono aliandika 0388.jpg bila kujua mkia wa kwanza upo ila umefichwa, na jina halisi likawa 0388.jpg.jpg. Niliwasha mpangilio wa kuonyesha mikia na zote 38 zikajitokeza. Tatu nyingine zilikuwa zimeandikwa herufi O badala ya sifuri. Hizo unaziona ukizitazama kwa karibu tu, O ni nene kidogo kuliko sifuri.

Zikabaki 17 ambazo faili zake hazikuwa popote. Tulirudi kwenye kabati. Fomu 14 zilikuwa na picha zake. Nilizitoa pini polepole kwa ncha ya kisu ili karatasi isichanike, nikazipiga skani, nikazirudisha na gundi badala ya pini. Nyingi zilipigwa studio, pazia la buluu nyuma, na watu wamevaa nguo za Jumapili. Mzee mmoja alikuwa amefunga tai, na karani akasema anamwona kila siku soko la Kibuye akipakua magunia, hakuwahi kujua kwamba ana tai. Fomu tatu za mwisho zilikuwa na alama ya kutu tu mahali pini ilipokuwa.

Ile flashi ya bluu tuliinakili, tukaitia bahasha, bahasha ikatiwa sefu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha na taarifa za wanachama si kitu cha kutembea nacho kwenye kipete cha funguo, na hata bila sheria, mtu aliyekupa sura yake ili ulinde pesa zake anastahili zaidi ya mfuko wa suruali. Nakala ya folda yote sasa inachukuliwa kila Ijumaa kwenye diski mbili, moja inalala ofisini na nyingine kwenye kabati lililofungwa la ofisi ya mwenyekiti.

Mama wa karo alirudi wiki iliyofuata kuweka akiba. Karani akaingiza namba, akaigeuza skrini kidogo ili aone. Alijitazama kwa muda, kilemba cha zambarau, mashavu yamejaa. "Hiyo siku nilikuwa nimetoka kanisani," akasema. Kisha akahesabu noti zake mara mbili, akasaini.

Kwa hiyo wenye sanduku la HAKUNA PICHA walikuwa 100: wale 97, na watatu wa alama ya kutu. Karani amebandika karatasi nyeupe ukutani karibu na dirisha, na kila mmoja wao akija anasimama hapo anapigwa picha, kisha jina lake linakatwa kwenye orodha. Ijumaa iliyopita nilipopita kuangalia nakala walikuwa wamebaki 61.